Mtoto wa Mbwa na Maradhi ya Pavo

Katika nchi ya Rufiji, tangu visiwa vya delta vilivyozungukwa na mikoko hata mashamba ya bara ya Kibiti na Bungu, mbwa hafugwi kwa anasa. Hufugwa kwa kazi. Mpunga unapoanza kutoa masuke, nguruwe mwitu hushuka usiku na tumbili huja mchana, na mkulima aliyekesha juu ya dungu lake akipiga debe na kupaza sauti hujua ya kuwa mbwa mmoja hodari alalaye chini ya dungu hilo ana faida kubwa kuliko madebe kumi. Wafugaji wa Kisukuma na Kimang'ati, ambao wengi wao waliingia bondeni na ng'ombe wao baada ya kuondolewa Usangu katika miaka ya 2006 na 2007, nao hawaendi malishoni bila mbwa. Hata katika nyumba za Waislamu, ambao ndio wengi katika pwani hii, na ambao kwa madhehebu ya Imamu Shafi huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi na chombo alichokilamba hukiosha mara saba, moja yake kwa udongo, hakuna katazo la kuweka mbwa wa kulinda shamba au mifugo, wala wa kuwinda. Linalotakiwa ni kwamba akae mahali pake, na kwamba asidhulumiwe.

Kwa sababu hiyo mtoto wa mbwa ni zawadi ipokewayo kwa furaha. Jirani ambaye mbwa wake amezaa humpa mwenziwe. Au ndugu aliyeko Mbagala humpakia katika basi la asubuhi ndani ya boksi, naye akafika Kibiti kabla ya adhuhuri, au akavushwa Daraja la Mkapa mpaka Muhoro, ama akapelekwa Nyamisati akatiwa katika mashua pamoja na magunia ya unga na madumu ya mafuta. Watoto wa nyumbani humpa jina siku ile ile. Kisha, pengine juma moja halijatimia, mbwa huyo huanza kujitenga. Hukataa chakula, hulala pembeni mwa ua amekunja mgongo, hutapika povu la manjano, na siku ya pili huhara maji yenye damu na harufu nzito ambayo aliyeinusa mara moja haisahau. Siku ya tatu au ya nne huzikwa. Wenye nyumba husema amelishwa sumu, au kuna hasidi, au hakuandikiwa kuishi. Na baada ya mwezi huletwa mwingine, naye hufa vile vile, mahali pale pale.

Msiba wa namna hii aghalabu huletwa na maradhi yaitwayo pavo. Maradhi hayo hayana dawa ya kuviua virusi vyake, lakini mgonjwa wake huweza kuishi; na mambo mengi yanayoamua kama ataishi au atakufa hutendwa na mwenye nyumba mwenyewe, kabla ya ugonjwa kuja na katika saa za kwanza baada ya kuja, wakati tabibu bado yu mbali.

Asili ya maradhi

Wazee waliofuga mbwa Rufiji kabla ya uhuru hawakuyajua maradhi haya, kwa kuwa hayakuwako. Kirusi cha pavo ya mbwa kilitambuliwa mwaka 1978. Wataalamu wanaona kwamba kilitokana na kirusi cha paka, au cha mnyama mwingine kilicho karibu nacho, kilichogeuka kidogo kikapata mlango wa kuingilia katika mwili wa mbwa. Na kwa kuwa mbwa wa wakati huo hawakuwa na kinga dhidi yake, kilienea duniani kote katika muda wa miaka kama miwili, kikiua watoto wa mbwa kwa maelfu. Max Appel na Leland Carmichael wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kukitenga kirusi hicho na kutafuta chanjo yake.

Hakikuchelewa kufika kwetu. Mwaka 1997 Scott Creel na wenzake, Appel mwenyewe akiwa mmoja wao, walichapisha uchunguzi wa damu ya mbwa mwitu wa Selous ya wakati huo, pori ambalo mto Rufiji ulipita ndani yake kabla ya kufika katika mashamba yetu. Na damu ya wengi wa wanyama hao ilionyesha kwamba walikwisha kukutana na pavo, ijapokuwa alama za kichaa cha mbwa hazikuonekana. Kwa hiyo, ikiwa wanyama wa porini, wasiopanda basi wala mashua, wamefikiwa na maradhi haya, mtoto wa mbwa wa kijijini, anayenusa kila kinyesi cha mbwa koko njiani, hana mahali pa kujificha.

Virusi hivi haviwadhuru watu. Mtu hawezi kuambukizwa pavo ya mbwa hata akimuuguza mgonjwa usiku na mchana, isipokuwa atavibeba katika mikono, nguo na ndala zake na kuvipeleka kwa mbwa wa jirani bila kukusudia.

Jinsi yanavyoua

Mtoto wa mbwa huvimeza virusi kutoka katika kinyesi cha mgonjwa, au udongo, chombo au kiatu kilichoguswa nacho, na dalili huonekana aghalabu baada ya siku tatu mpaka saba; ndiyo maana wagonjwa wengi hudhihirika katika juma la kwanza la makazi mapya, hata mpokeaji akamdhania aliyempa kuwa amemdanganya, na pengine kwa kweli aliambukizwa njiani. Virusi hupenda sehemu za mwili zinazokua upesi. Katika uboho wa mifupa huharibu kiwanda cha chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili. Na katika utumbo mwembamba huua ngozi laini ya ndani inayofyonza chakula na maji. Ngozi hiyo ikichubuka, maji na damu humwagika nje, na vijidudu ambavyo siku zote hukaa utumboni bila madhara hupata njia ya kuingia katika damu isiyo na askari wa kuvizuia.

Basi mauti yenyewe huja kwa njia tatu: kukaukiwa maji, kuoza kwa damu kwa vijidudu vya utumbo, na kupungukiwa sukari kwa mnyama mchanga asiyekula. Hapana hata moja katika hizo ambayo haiwezi kupingwa. Mwili ukiwekewa maji ya kutosha na vijidudu vikazuiwa kwa antibiotiki, wenyewe huunda kinga katika siku chache na kuvifukuza virusi. Kwa ajili hiyo, wakati ambapo watoto wa mbwa wasiotibiwa huweza kufa tisa kati ya kumi, waliolazwa katika hospitali nzuri hupona kwa kiasi cha zaidi ya asilimia 80.

Asiye na hospitali asikate tamaa kwa kusikia hesabu hiyo. Mwaka 2017 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, Marekani, walichapisha habari za mbwa 40 wenye pavo waliogawanywa mafungu mawili. Fungu la kwanza lililazwa na kutiwa dripu mshipani. La pili halikutiwa dripu ya mfululizo, bali lilipewa tiba nyepesi ya namna iwezayo kufanywa nyumbani: maji chini ya ngozi, sindano ya kuzuia kutapika, antibiotiki ya kudumu, na kulishwa. Katika fungu la kwanza walipona 18 kati ya 20, na katika la pili 16 kati ya 20. Tofauti ilikuwako, lakini ilikuwa ndogo kuliko walivyodhani wengi. Na mambo hayo ya fungu la pili huweza kufanywa na daktari au afisa mifugo mwenye begi lake, ndani ya ua wa mwenye mbwa.

Siku ya kwanza

Tuseme nyumba iko ndani ya delta. Maji yamekupwa, mkondo hauna kina, na boti haitoki mpaka alasiri. Mama mwenye nyumba ana simu, na amempigia afisa mifugo aliyeko Kibiti.

"Salaam aleikum, bwana mifugo."

"Aleikum salaam, mama. Habari za huko?"

"Njema, ila kitoto cha mbwa kimetapika tangu alfajiri, na sasa kinahara damu."

"Kina umri gani?"

"Miezi miwili na kitu."

"Kimechanjwa?"

"Kimechanjwa, tulipeleka siku ile ya chanjo pale shuleni."

"Ile ilikuwa ya kichaa cha mbwa, mama. Ya pavo ni nyingine, hamkupewa."

Mazungumzo haya yana fundisho ambalo linastahili kuenezwa. Chanjo zinazotolewa bure kwa mbwa vijijini ni za kichaa cha mbwa, nazo zimeokoa roho za watu. Kusini-mashariki mwa Tanzania, pamoja na Lindi na Mtwara, palikuwa uwanja wa mradi mkubwa wa Shirika la Afya Duniani wa kukomesha kichaa cha mbwa ulioanza mwaka 2010. Lakini sindano hiyo haimkingi mbwa na pavo. Chanjo ya pavo hununuliwa kwa daktari wa mifugo, na hutolewa pamoja na ya distempa na maradhi mengine katika sindano moja.

Wakati boti inasubiriwa, mgonjwa atengwe mahali pakavu penye kivuli, mbali na mbwa wengine, na mtu mmoja tu ndiye amhudumie. Achunguzwe ukavu wa mwili kwa kushika ngozi ya mabegani na kuivuta juu kidogo, kisha kuiachia: ngozi ya mwenye afya hurudi mara moja, na ya aliyekaukiwa hubaki imesimama kama hema. Fizi nazo zitazamwe. Zikiwa zanata kidoleni badala ya kuteleza, au zikibonyezwa zikachelewa zaidi ya nukta mbili kurudisha rangi yake, hatari imekaribia.

Kisha apewe maji. Pakiti moja ya ORS, kama ile inayotolewa zahanati kwa watoto wanaoharisha, huchanganywa katika lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Na isipopatikana, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote kwa kipimo cha kusawazishwa, katika lita ile ile. Hapa ndipo wengi huharibu kwa huruma, kwani humwekea bakuli zima mbele yake, naye kwa kiu hunywa yote na kuyatapika yote, akapoteza zaidi ya alivyopata. Iliyo sawa ni kumwacha tumbo litulie saa moja baada ya kutapika, halafu kumtia kijiko kimoja cha chai kila robo saa, kwa bomba la sindano lisilo na sindano, pembeni mwa shavu, akiwa ameinua kichwa mwenyewe. Akiyashika maji hayo, kipimo kiongezwe kidogo kidogo. Akitapika kila anapopewa, asilazimishwe. Huyo hawezi kuokolewa kwa kinywa, na maji yake sharti yapite chini ya ngozi au mshipani, kwa mkono wa mtaalamu, siku hiyo hiyo.

Mtoto wa mbwa anayelegea na kutetemeka apakwe asali au maji mazito ya sukari katika fizi, asubuhi na kila baada ya saa chache. Usiku, upepo wa bahari uvumapo, awekewe chupa ya maji ya moto iliyofungwa ndani ya kanga kuukuu, kwa sababu mwili ulioishiwa maji hushindwa kujipatia joto. Kutapika kukipungua, asifungishwe kwa kudhani kwamba utumbo unahitaji kupumzika. Uchunguzi umeonyesha kwamba mgonjwa wa pavo anayeanza kulishwa mapema hupata nguvu upesi. Mashendea ya mchele yaliyochanganywa na nyama ya kuku iliyochemshwa bila chumvi wala viungo, kijiko kimoja kila baada ya saa mbili au tatu, yatosha kwa kuanzia. Maziwa ya ng'ombe yaachwe mpaka apone.

Yapo pia ya kujiepusha nayo. Panadoli, diklopa na dawa nyingine za watu za kutuliza maumivu humdhuru mtoto wa mbwa, na baadhi yake humuua. Dawa za kufunga tumbo huizuia sumu ndani badala ya kuitoa. Mafuta ya kula na mitishamba isiyo na kipimo humrudisha katika kutapika. Wala antibiotiki iliyobaki nyumbani kutoka kwa ng'ombe au kuku isitiwe kwa kukisia, kwa kuwa kipimo cha mnyama wa kilo mia mbili si cha mnyama wa kilo tatu.

Fauka ya hayo, si kila kuhara damu ni pavo. Minyoo ya safura hunyonya damu utumboni na kuleta dalili za kufanana. Sumu ya panya hufanya hivyo pia. Na mbung'o wa Rufiji huwaambukiza mbwa maradhi ya nagana, ambayo huleta homa na udhaifu. Daktari ana kipimo kidogo cha kinyesi kinachotoa jibu la pavo kwa muda wa dakika chache. Kama hali inaruhusu safari, Dar es Salaam, iliyo mbali kwa zaidi ya kilomita 130 kutoka Kibiti, ina matabibu wa wanyama, na Morogoro iko hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Lakini mgonjwa aliyekauka asisafirishwe bila kwanza kutiwa maji, maana wengi hufia njiani. Matunzo haya si hisani tupu, kwani Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 humtaka mwenye mnyama kumtunza na kumtibu.

Ua uliobeba maradhi

Akipona, mgonjwa huendelea kutoa virusi katika kinyesi kwa majuma kadhaa. Akifa, huviacha nyuma yake. Virusi vya pavo havina lile gamba la mafuta ambalo sabuni huliyeyusha, kwa hiyo sabuni huviondoa mahali lakini haiviui, na spiriti haiviui kwa hakika. Katika udongo wenye unyevu na kivuli huweza kukaa miezi mingi, hata mwaka au zaidi. Hiyo ndiyo siri ya ule msiba unaojirudia, ambao watu huudhania hasidi.

Kinachoviua ni jiki. Sakafu ya saruji, vyombo na boksi alilolalia vioshwe kwanza kwa sabuni mpaka uchafu uishe, kwa sababu jiki hupoteza nguvu palipo na kinyesi. Halafu jiki kipimo kimoja itiwe katika maji vipimo ishirini, imwagwe na kuachwa dakika kumi. Udongo wa ua hauwezi kusafishwa hivyo. Kinyesi chote kikusanywe na kuchomwa au kufukiwa mbali na kisima, tabaka la juu la mchanga likwanguliwe, matawi yanayoziba jua yakatwe, na ndala za muuguzi zisitoke nje ya ua. Nyumba iliyozoea kumweka mbwa nje, na kuosha mikono na vyombo kwa makini baada ya kumgusa, tayari ina nusu ya adabu inayohitajika.

Kinga

Kinga ya kweli ni chanjo, na chanjo ina wakati wake. Mtoto wa mbwa hupata ulinzi wa kwanza katika dang'a la mama yake. Ulinzi huo hupungua pole pole kati ya juma la sita na la kumi na sita, na una tabia ya ajabu: kwa muda fulani huwa umekuwa dhaifu mno hata hauwezi kuvizuia virusi vya maradhi, lakini bado una nguvu ya kuiharibu chanjo. Kwa kuwa hakuna ajuaye siku hiyo huangukia lini kwa kila mmoja, sindano moja haitoshi. Ya kwanza hutolewa katika juma la sita mpaka la nane, kisha hurudiwa kila baada ya majuma matatu au manne mpaka atimize majuma 16. Halafu hukaziwa afikapo umri wa miezi sita mpaka mwaka, na baada ya hapo kila miaka mitatu. Mama naye akichanjwa kabla ya kupandwa, dang'a lake huwa na nguvu zaidi.

Shida ya delta ni kwamba chanjo hutaka ubaridi wa nyuzi 2 mpaka 8, na visiwani majokofu ni machache. Shida hiyo ina ufumbuzi ulioko mikononi mwetu. Wafanyabiashara wa kamba hupeleka barafu delta ili kuhifadhi mali yao. Majirani wenye watoto wa mbwa wakipatana siku moja na bwana mifugo, kasha moja la barafu litabeba chanjo za wote, mradi chupa zifungwe kitambaani zisigusane na barafu yenyewe, na gharama ya safari igawanywe. Mpaka sindano ya mwisho ipite, mtoto wa mbwa asitembezwe gulioni wala kwenye mabucha, wala asiachwe kuzurura na mbwa koko; ajifunze kazi ndani ya ua.

Basi anayetaka mlinzi wa shamba na aulize mambo manne kabla ya kunyoosha mkono kupokea: amezaliwa lini, mama yake alichanjwa, yeye mwenyewe amechanjwa pavo mara ngapi, na je, amepewa dawa ya minyoo? Ambaye hajatimiza majuma manane asichukuliwe, hata kama mwenyewe anasihi. Na ikiwa ua wa mpokeaji ulizika mtoto wa mbwa kwa kuhara damu ndani ya mwaka uliopita, jibu la insafu kwa jirani amletaye mwingine ni kumwomba amshike kwanza huko huko kwake, mpaka chanjo zake zitimie.